Ramani ya Visima na Friza ya Abdilatif

Jumatatu, 2 Februari

Leo nimeamua kuwa mtu. Chama cha wafugaji wa mbuzi hapa Siakago kinatafuta karani wa kompyuta. Wafadhili wanakuja Ijumaa, na mwenyekiti, Mzee Mugendi, ametangaza kanisani kwamba atakayewaonyesha ramani ya visima vyote vya huku kwetu, kazi ni yake. Kazi ya kudumu! Ofisi yenye dirisha! Nimechoka kuchapa tanzia za watu nisiowajua. Mama naye amechoka kunilisha, na husema hivyo akinipakulia.

Mpinzani ni mmoja tu: Zuleka, binti wa Abdilatif mwenye buchari. Mimi nimekodi chumba nyuma ya buchari hiyo, kwa hivyo adui yangu hupita mlangoni kila siku akinisalimu. Ananisalimu vizuri. Hiyo ndiyo huniudhi.

Zuleka amepakua programu ya ramani ikiwa tayari imeundwa. Akabonyeza, ikafunguka, basi. Nilicheka. Programu ile ni huria, msimbo wake uko wazi, mtu anaweza kuijenga mwenyewe kutoka mwanzo. Kwetu Mbeere mgeni wa heshima hapewi nyama ya kupimiwa kilo. Unamchinjia mbuzi wako. Nitaijenga.

Jumanne, 3 Februari

Haijengeki. Inasema kuna kipande kinakosekana. Nimepakua kipande. Kipande nacho kinataka kipande chake. Ni kama kwenda kuposa: umefika na asali, unaambiwa mjomba hajaletewa mbuzi. Unaleta mbuzi, shangazi anauliza blanketi yake iko wapi.

Alasiri ikakubali. Asilimia kumi. Ishirini! Kisha friza ya Abdilatif ikanguruma kule mbele, taa zikafifia, kompyuta ikazimika. Zuleka alichungulia akasema nikiiwasha itaendelea pale ilipoachia. Nikamwambia sitaki kazi ya viraka. Nikafuta yote nikaanza upya.

Jumatano, 4 Februari

Friza imenizima tena. Na tena! Kila ikiwaka, mimi nazimika. Tunatumia waya mmoja, na soketi yenyewe iko chumbani kwangu. Stima ya mji huu inapenda nyama kuliko elimu.

Zuleka hayupo. Anazunguka visima kwa pikipiki, jua hili la Februari, anapiga alama kwenye simu kila anapofika. Nimemwonea huruma. Mwenzake anajenga, yeye anatembelea mashimo.

Alhamisi, 5 Februari

Bahati imenikumbuka! Abdilatif amechinja asubuhi, akajaza friza, akaenda Embu kwenye harusi ya mpwa wake. Atarudi kesho. Nimengoja gari lipotee, nikachomoa waya wa friza.

Kimya kitamu. Nilikusudia kuurudisha baada ya muda mfupi. Lakini ilifika arobaini, ikafika sitini, na nani huondoa sufuria ikichemka? Nimeiacha ikijenga, nikaja kwa mama kulala. Leo nitalala vizuri kuliko siku zote tangu nimalize shule.

Ijumaa, 6 Februari

Asilimia mia! Nimeisakinisha na haikulalamika hata kidogo. Nimeruka chumbani peke yangu. Nikapakia kompyuta kwenye mkokoteni nikaipeleka ukumbini, wageni wameketi, wazee wamevaa makoti.

Nikafungua programu yangu. Nyeupe. Mgeni mmoja akauliza visima viko wapi. Nikamweleza jinsi nilivyoijenga kutoka mwanzo. Akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza tena visima viko wapi. Ndipo nikatambua kwamba wiki nzima sijafika kwenye kisima hata kimoja.

Mzee Mugendi akaniokoa. Alisema tule kwanza, maana hapa wazee hawaamui neno kabla ya nyama. Mbuzi wa chama huchinjwa na Abdilatif, ili Waislamu na Wakristo wale pamoja. Nikakumbuka friza.

Abdilatif alikuja mikono mitupu. Aliwaambia wazee kwamba nyama yote imeharibika, na kwamba amekuta waya wa friza sakafuni chumbani kwangu. Hakupaza sauti. Heri angepaza. Wazee wote waligeuka kunitazama, na Mzee Mugendi akaniuliza kama nilikuwa na akili timamu. Nikajibu kwamba ilikuwa imefika asilimia sitini.

Wageni walipewa chai na mkate. Zuleka akafungua ramani yake. Kila kisima kina alama, na kile cha nyuma ya shamba la mama ameandika kwamba kimekauka. Wazee waliamua wakiwa na njaa, na waliamua haraka. Kazi ni yake.

Abdilatif amenifukuza chumbani. Nimelia njia nzima nikisukuma mkokoteni. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Jumapili, 8 Februari

Zuleka amekuja nyumbani. Anasema amepewa ruhusa ya kuchukua msaidizi wa kuzunguka visima vilivyobaki, naye amenitaja mimi. Baba yake atapoa, anasema, nikienda kumwomba msamaha. Mama alimmiminia chai huku ananitazama kwa jicho la kusema kubali haraka.

Nikamuuliza Zuleka tutatumia programu gani. Akasema ile ile ya kupakua. Nikakataa. Mtu ana heshima yake. Alimaliza chai, akamshukuru mama, akaniaga vizuri. Mama akasema heshima haipikwi, akanipakulia kidogo kuliko jana.

Nimefikiria sana na nimegundua kosa langu. Nilijenga toleo la zamani! Jipya limetoka juzi. Basi nimefuta kila kitu. Chumba pia nimepata, na mwenye nyumba amefurahi, maana kimekaa muda mrefu bila mpangaji na hajui ni kwa nini. Kiko nyuma ya kisiagi, pale soko zima linasagisha mahindi. Mashine kubwa kama zile, stima huko lazima iwe nyingi. Naanza kesho asubuhi.