Herufi za Udaktari

Fidelis Mgaya hakuwa mwizi. Alikuwa na suti, na pale Njombe mtu mwenye suti huitwa mjasiriamali mpaka ithibitike vinginevyo.

Asubuhi moja aliingia kwenye steshenari ya Asteria kutoa kopi, akaona kadi ya harusi mezani. Herufi zake zilimnasa. Mistari ya kusimama ilikuwa minene kama nguzo za benki, ya kulala myembamba kama unywele, na kila herufi ilikanyaga chini kwa vijiguu vyenye ncha. Wateja wawili waliishika kadi ile kwa ncha za vidole, wakashusha sauti kama wako kanisani. Wala hawakuwajua maharusi wenyewe.

"Dada Asteria, hizi herufi zinaweza kuandikia kitu kingine?"

"Naandika chochote, kaka. Karatasi haiulizi maswali."

"Basi niandikie udaktari wa heshima."

Mchana alikuwa keshafika Makambako na pikipiki yake, kwa Mzee Clemens, mfanyabiashara wa mbao aliyekuwa na kila kitu isipokuwa cheo cha kutangulia jina lake mikutanoni.

"Shikamoo mzee. Chuo kimekuona."

"Marahaba. Chuo gani?"

"Cha nje."

Clemens alikipokea cheti, akakipeleka dirishani. Akapitisha kidole taratibu juu ya ile D ya Daktari, yenye tumbo la mtu aliyeshiba.

"Kitu cha uongo hakiwezi kupendeza hivi," alisema.

Fidelis akajiuma ulimi asicheke.

"Sasa kijana, hapa mkononi sina kitu. Ila nina shamba la miti kule Kichiwa, ekari kumi za paini zilizokomaa. Hilo linazidi udaktari. Niongezee pikipiki yako, tumalizane."

Akatoa hati kabatini. HATI YA UMILIKI, nene kwa nyembamba, vijiguu vyenye ncha. Hakuna mtu mkoa mzima aliyejua vizuri kuliko Fidelis herufi zile zinatoka duka gani. Lakini uzuri una mambo yake. Aliona mbao, akaona ghorofa, akatoa ufunguo.

Kesho yake alikuwa Kichiwa na mafundi wawili na msumeno wa mashine. Mti wa kwanza haujaanguka, Sista Mektilda, msimamizi wa mashamba ya misheni, akatokea ukunguni na waumini kumi wenye majembe.

"Kamwene, mwanangu. Umekuja na karatasi?"

Fidelis akamkabidhi kwa maringo. Sista akaitazama, akamhurumia.

"Ya Mzee Clemens hii. Wewe ni wa tatu."

"Lakini Sista, tazama herufi!"

"Ndizo zilizokuumbua. Hati ya kweli ya shamba ni mbaya, mwanangu. Wino umefifia, jina limekosewa, na muhuri umekaa upande."

Mafundi walikuwa wameshatoweka na msumeno wao. Fidelis akapewa jembe, akaotesha miche ya paini kwenye baridi ile mpaka jioni, kufidia mti aliouumiza, suti yake ikiwa na tope mpaka magotini.

Jumapili, Makambako kulikuwa na harambee ya zahanati. Mgeni rasmi aliwasili kwa pikipiki. Mshereheshaji akakohoa kwa adabu, akamkaribisha Dakta Clemens, na umati mzima ukasimama. Dakta akahutubia dakika arobaini, juu ya uaminifu.