Maji Yaliyochujwa Mara Nne

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Hifadhi ya kisiwa itafungua ghuba moja tu kwa boti za wageni: ile yenye plastiki kidogo zaidi majini. Si chupa wala mifuko, hiyo tunaiokota. Ni vile vichembe visivyoonekana kwa macho! Mtafiti kanipa chupa ya kioo nichote ghuba yangu ya mashariki. Nyingine kampa shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye boti ya magharibi. Gati la mashariki nimelijenga mwenyewe, ubao kwa ubao, miaka kumi na miwili. Shemeji kaja mwaka jana na kofia tu! Wageni ni wangu.

Jumanne, 4 Machi

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Nitayachuja maji! Kuchuja mara moja hupunguza nusu. Mara nne, hubaki moja ya kumi na sita. Shemeji kwisha habari yake!

Mtafiti kapita kutukumbusha: tuvae nguo za pamba, tusitumie faneli ya plastiki, tusuuze chupa mara tatu. Madoido ya wasomi. Nimeitikia ndiyo mama, ndiyo mama.

Jumatano, 5 Machi

Tayari! Nimechujia blanketi la buluu la nyumbani, lile zito la manyoya. Mke wangu kauliza, baba watoto, blanketi langu limekukosea nini? Nikamjibu ni sayansi. Akasema sayansi gani, blanketi lenyewe ni plastiki tupu, linapukutika hata likiwa kambani. Yeye ni fundi cherehani. Ajue mishono, bahari aniachie.

Shemeji kachota mara moja, katia kizibo, kaenda zake. Mvivu! Nimecheka hadi nikapaliwa.

Ijumaa, 7 Machi

Matokeo yamesomwa mbele ya mhifadhi. Magharibi: chembe kumi na moja kwa lita. Mashariki: mia moja themanini na saba! Mara kumi na saba kamili. Nimegawanya mwenyewe, hata baki hakuna.

Mtafiti kasema karibu zote ni nyuzi za buluu. Shemeji, kwa upole wa kinafiki, kauliza kama samaki wa kwangu hulala wamejifunika. Mhifadhi kacheka mpaka kavua miwani! Mwishowe mtafiti kanihurumia: sampuli haiaminiki, nichote upya Jumatatu. Ya mwisho hiyo.

Mke wangu kaanua tu blanketi.

Jumamosi, 8 Machi

Nafasi ya pili! Nimepiga hesabu upya na kosa nimeliona: nilichuja mara chache mno. Mara nane, hubaki moja ya mia mbili hamsini na sita. Kwa chembe zangu zile, haifiki hata moja nzima!

Tena blanketi lile lilikuwa kuukuu. Nimenunua jipya, jekundu, manyoya marefu maradufu. Kulibeba tu hadi nyumbani, shati zima limekuwa jekundu. Nguvu hiyo! Shemeji aanze kukunja kofia yake.