Wilaya ya Kura za Mkosi

Serikali ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba utafiti umekamilika na wilaya ile ina mkosi. Kila mgombea urais aliyewahi kupewa kura pale alibwagwa. Walimpa mzee, akaanguka. Wakampa kijana, naye chali. Safari moja walimpa rais aliyekuwa madarakani, akafungasha virago kabla wino haujawatoka vidoleni.

Kwa hiyo kikaundwa Kitengo cha Uratibu wa Kura Zenye Madhara, na Mkuu wa Wilaya akapewa agizo: asipatikane hata mtu mmoja wa kumpigia Rais kura. Akifaulu, uwaziri. Akishindwa, arudi kwao akafuge kuku. Na kuku alikuwa anawaogopa.

Akajitosa mzimamzima. Picha za Rais zikabanduliwa ofisini, zikabandikwa za mpinzani, daktari wa meno mpole aliyependwa na kila mtu. Aliyekutwa na kofia ya chama tawala alipelekwa kituo cha polisi kupewa ushauri nasaha.

Kwenye mkutano wa hadhara Mkuu wa Wilaya alinguruma. "Ndugu wananchi, kwa masilahi mapana ya taifa, msimchague Rais. Hafai!" Akajishtukia, akamtupia jicho mlinzi wake. "Hafai kimkakati."

Fundi cherehani mmoja, ambaye mji mzima ulimwita Mama Vifungo, akanyoosha mkono, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Samahani Mheshimiwa, nauliza tu. Ina maana sisi tukimpa mtu kura, kwisha habari yake?"

"Kabisa, mama. Imethibitishwa kitaalamu."

"Hata awe mkubwa namna gani?"

"Hata Rais mwenyewe! Ndiyo maana serikali inawabembeleza."

"Makubwa haya! Na sisi miaka yote tunajiona hatuna nguvu."

Watu wakatazamana. Kisha wakapiga makofi, wakapiga tena, wengine wakipigana vikumbo kwa kicheko. Mkuu wa Wilaya hakuwahi kushangiliwa hivyo maishani, na machozi yakamlengalenga.

Siku ya kura foleni ilijaa bashasha. Mama Vifungo alikuja na gauni lake la harusi. Mkuu wa Wilaya naye akaingia kwenye kijumba cha kupigia kura, akaikuta sura ya bosi wake kwenye karatasi, inamtazama. Mkono ukagoma. Huyu alimtoa kwenye ukarani, akamfanya mtu. Kura moja itamdhuru nani? Akamtilia tiki, akatoka akijipongeza kwa uaminifu wake.

Matokeo yakatoka. Rais alizoa kura zote za wilaya ile, daktari hakuambulia hata moja. Kwingineko kote nchini, Rais alikuwa amegaragazwa.

Simu ikalia. Alikuwa Rais mwenyewe.

"Umeshindwa kumpatia yule mng'oa meno hata kura moja?"

"Nimeshindwa, Mheshimiwa."

"Hata yako?"

"Moyo ulikataa, Mheshimiwa."

Ile sauti ikaja tena, ndogo, ya mtu aliyechoka. "Kwa hiyo nchi nzima hakuna mahali walikonitaka?"

"Hapa, Mheshimiwa! Hapa umeshinda kwa kishindo. Watu wamejaa barabarani, wanacheza."

"Wananichezea mimi?"

Mkuu wa Wilaya akachungulia dirishani. Mama Vifungo alikuwa amebebwa juujuu, anapepea picha ya daktari wa meno.

"Wewe hasa, Mheshimiwa," akasema. "Wanasema hawajawahi kumpigia mtu kura kwa moyo mmoja namna hii."