Nilivyomtafuta Mama Mkwe kwa Umbo

Leo nimejimaliza. Mbele ya wakwe, Bungoma, mchana kweupe.

Mimi ni mwalimu wa Bayolojia hapa Kibomet, Kitale. Wiki hii nilikuwa nawafundisha Kidato cha Tatu kuhusu salamanda. (Kenya hatuna. Ni mnyama mwenye umbo la mjusi na ngozi nyevu kama ya chura. Hata mimi nimemwona kitabuni tu.) Nikachora wawili ubaoni. Mmoja mrefu, mwembamba, vijiguu utadhani vimesahauliwa. Huyo anapenya kwenye mashimo ya ardhini. Wa pili mfupi, mnene, miguu imara. Huyo anatembea juu ya majani makavu. "Hawa ni ndugu wa karibu kabisa," nikasema kwa madaha. "Msidanganywe na umbo!"

Leo sasa ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kwenda kwa kina Nekesa, mchumba wangu. Mjomba, ambaye ndiye msemaji wetu, alinionya njia nzima. "Kijana, mama mkwe hashikwi mkono. Hata karibu yake usisimame. Ukiharibu hapo, hakuna bibi."

Sisi Wabukusu hapo hatuna mzaha. Na mimi nampenda Nekesa mpaka naona haya kuandika.

Shida ni kwamba mamake sikuwa nimewahi kumwona, hata kwa picha. Nekesa ni mrefu, mwembamba, shingo ndefu. Nikapiga hesabu zangu: mama atakuwa hivyo hivyo. (Mwalimu mzima!)

Kuingia tu uani, mwanamke mrefu mwembamba akatokea mlangoni. Nikaruka nyuma, nikainamisha kichwa, nikajibanza kando ya tangi la maji. Wazee wakatazamana. Nikadhani wananisifu kimoyomoyo.

Halafu jikoni akatoka mama mfupi, mnene, leso kiunoni, mwiko mkononi. Nikajiambia huyu ni jirani amekuja kusaidia kupika. Acha nionyeshe mimi si mtu wa maringo! Nikamwendea mikono wazi, nikamkumbatia, nikamtikisa kidogo.

"Mama, harufu ya hiyo kuku nimeisikia tangu Kitale!"

"Uuuwi!" Mwiko ukaanguka.

Baba yake Nekesa akasimama. "Ati anafanya nini? Si huyo ni bibi yangu, bana!"

"Na yule mwingine?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Huyo ni jirani. Ameleta viti."

Mjomba akajifunika uso kwa kofia. Mama alikuwa ameshakimbilia jikoni na kufunga mlango. Nekesa akamfuata, akakaa huko kitambo, akatoka macho mekundu.

"Mama anasema ya kushikwa wazee watayamaliza," akaniambia. "Kinachomuuma ni kwamba hukuona ni yeye. Tangu nizaliwe watu wanamuuliza kama mimi ni wake kweli. Hata kliniki walimuuliza, akiwa amenibeba. Alidhani wewe, mwalimu, utajua."

Hapo aibu ilinitoka, ikaingia huzuni. Nimesimama mbele ya wanafunzi miaka sita nikiwaambia damu haipimwi kwa urefu, na mtu wa kwanza kunihitaji nilijue hilo nimemgeuza jirani wa kusaidia kupika.

Nikasimama mbali na ule mlango, nikasema, "Mama, nisamehe. Wanafunzi wangu wakisikia hii watanipa sifuri."

Kisha kicheko kikatoka ndani. Kilianzia puani, kikapanda, kikakatikia kwenye kikohozi. Ni kicheko cha Nekesa, kile kile! Ningefika pale nimefumba macho nisingekosea.

Baba akakohoa. "Arudi mwezi ujao. Na asimame mbali."

Sasa nawaomba, msicheke kwa sauti. Shemeji yuko kwenye hii grupu, na siku ya mahari haijapangwa.