Ombi la Kupatiwa Mtu wa Kumwambia Verlyn Ukweli Kuhusu Mitutu Yake Mitatu

Jumatatu, 9 Juni. Asubuhi ukungu ziwani hadi saa mbili, nyuzi hamsini na nne za Fahrenheit, upepo hakuna, mbu wapo.

(Hivi ndivyo ninavyoanza shajara yangu kila siku, na nilipochukua kalamu mkono ulianza wenyewe. Naomba univumilie.)

Kwa Bwana Arlo Gunderud,
Mkurugenzi wa Mashindano,
Klabu ya Bastola ya Skogen, Minnesota.

YAH: FOMU YETU KUTOFIKA, NA SABABU ZAKE

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba goti la mkeo Junice limepata nafuu. Sisi hatujambo, isipokuwa kwa hili ninaloliandikia.

Umetuletea fomu ya Mashindano ya Mume na Mke miaka mitatu mfululizo, na miaka yote mitatu haikurudi. Safari hii uliandika kwa penseli pembeni: "Hakuna haraka, Ardis, ila mwisho ni Alhamisi saa sita mchana." Nakushukuru kwa upole huo, ambao ndio hasa ninaoulalamikia.

Upande wangu nimeujaza tangu Aprili. Upande wa mume wangu Verlyn una jina lake na nafasi mbili tupu, yaani kipenyo cha risasi na aina ya mtutu. Bila hizo hatuandikishwi, na nafasi yetu inakwenda kwa akina Brekke. Miaka mingine ningesema haidhuru. Mwaka huu kifundo cha mkono wangu wa kulia kinapasuliwa tarehe mbili Julai, na daktari amesema baada ya hapo nitaweza kushika kikombe na sindano ya kufumia, lakini bastola hapana. Kwa hiyo Jumamosi hii ndiyo ya mwisho nitakayosimama mstarini na mume wangu. Naomba malalamiko yafuatayo yasomwe kwa kukumbuka hilo.

1. Kwamba wanachama wa klabu wana adabu kupita kiasi.

Verlyn ana bastola moja ya mashindano yenye sehemu za juu tatu za kubadilisha, kila moja na mtutu wake. Ya kipenyo cha arobaini ina mtutu mnene usio na kitu mdomoni. Ya thelathini na nane ni ndefu, na mdomoni ina kile chuma chenye matundu kinachopuliza moshi juu ili pua ya bastola isiruke. Ya milimita tisa ni fupi, ina chuma hicho hicho, na juu ya hapo mtutu wenyewe umetobolewa matundu mawili. Oktoba iliyotangulia fomu yako ya kwanza alizibeba zote hadi klabuni, akazipanga kwenye meza ya kahawa, akawauliza wanachama kumi na mmoja ipi ni bora.

Chumbani walikuwemo watu wa arobaini, watu wa thelathini na nane na watu wa tisa, na kila mmoja aliogopa kumuudhi jirani. Orrin Haugtvedt, ambaye amepiga arobaini maisha yake yote, aliitazama ya arobaini akasema, "Si mbaya, mzee." Akaitazama ya thelathini na nane, "Si mbaya." Akafika kwenye ya tisa, ambayo nyumbani kwake huiita bunduki ya kuulia nzi, akasema, "Nayo si mbaya, ujue." Wote walifuata mkondo huo. Nilihesabu "si mbaya" thelathini na tatu, na tatu kati ya hizo, Ndugu Mkurugenzi, zilikuwa zako, moja ukiwa umejaza kitumbua mdomoni.

2. Kwamba matokeo yake yameingia nyumbani.

Unakijua kipande cha mwisho cha keki kwenye chakula cha kanisani. Hakuna anayekichukua. Mmoja hukikata nusu, mwingine hukata nusu ya nusu, hadi Bi Haugtvedt anafunika chembe na kurudi nazo nyumbani. Verlyn anafanya hivyo hivyo kwa mitutu. Akikaribia kuchagua tisa, anasema, "Sasa Orrin atajisikiaje?" Akielekea arobaini, anakukumbuka wewe na thelathini na nane yako. Tangu Februari huruma imevuka watu ikafika kwenye vyuma. Kila Jumapili anafunga sehemu tofauti kwenye bastola, "zisione nabagua." Nilipomuuliza ni akina nani hasa hao wasione, alinitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

Meza yetu ya kulia sasa ni yao. Wanandoa wa miaka thelathini na moja tunakula tumesimama kwenye sinki.

3. Kwamba kuna maganda.

Asiyejua atakachopiga hukusanya kila kitu. Baada ya kila zoezi Verlyn huinama na kuokota maganda ya risasi ya aina zote tatu, yake na yasiyo yake, kwa kuwa akichagua siku moja atayajaza baruti upya. Ghala limejaa makopo ya kahawa yenye lebo. Yaliyozidi yamehamia kwenye mifuko ya makoti yetu. Kwenye maziko ya shangazi yangu Gudrun nilivuta leso, ganda la thelathini na nane likadondoka na kubingirika taratibu kwenye sakafu ya mbao hadi mimbarini. Mchungaji aliliokota, akasoma namba ya kitakoni, akanong'ona, "Verlyn bado hajaamua?"

4. Kwamba wataalamu nao ni wale wale.

Nilimpeleka kwa fundi wa bunduki, mwendo wa saa mbili kwa gari. Fundi alieleza vizuri sana. Ya tisa maganda yake yamejaa kila uwanja, ila ili ifikie nguvu inayotakiwa na kanuni za daraja huria inabidi kuishindilia baruti hadi ipumue kwa shida. Ya thelathini na nane inameza baruti hiyo kwa raha, ila maganda yake unayatafuta kwenye nyasi kwa magoti. Ya arobaini inatoboa tundu kubwa kwenye karatasi, na tundu kubwa hugusa mstari wa alama, ila bila chuma cha mdomoni inashindana daraja lingine na inapiga mkono kama mlango wa ghalani. Nikamwambia, "Sasa fundi, mwambie achukue ipi." Fundi akapangusa mikono, akatazama dari, akasema, "Inategemea mtu mwenyewe anapenda nini, mama."

Kurudi, Verlyn alilala kiti cha nyuma.

5. Kwamba nilileta mtu kutoka nje na mkamharibu.

Pasaka nilimwalika Carmine, mume wa dada yangu, mtu wa New Jersey, ambaye adabu hajawahi kuipoteza kwa kuwa hakuwa nayo. Aliingia, akaiona meza, hata koti hajavua. "Verlyn, shemeji yangu, hii arobaini ni gogo. Hii ndefu ni ya mtu anayetaka kupigwa picha. Chukua tisa, nyamaza, tule." Verlyn alikaa chini. Nilimwona usoni amepata nafuu kama mtu aliyeng'olewa jino. Niliikimbilia fomu.

Lakini mvua ya theluji ilifunga barabara, na Carmine akakaa siku nne. Orrin alikuja kumsalimia. Wewe ulikuja na mkate. Siku ya nne Verlyn alimuuliza kwa upole kama bado ana hakika kuhusu tisa, naye Carmine akainua kikombe, akanywa, akasema, "Unajua, zote si mbaya." Dada yangu amenipigia simu mara mbili. Anasema Carmine bado hajapona, na kwamba kazini wameanza kumpenda.

6. Ombi.

Kwa hayo yote naiomba klabu ipitishe kanuni, kabla ya Alhamisi, ya kuteua Mkali wa Klabu. Kazi yake iwe kumwambia mwanachama anayeuliza kwamba chombo fulani ni kibaya, kwa sauti, bila kukuna shingo. Asitumie maneno "inategemea". Asilete mkate baadaye kuomba radhi. Akimaliza asisimame mlangoni dakika arobaini akiaga.

Kama hakuna mwenyeji anayeweza, basi aazimwe mtu kutoka jimbo jirani la Wisconsin, na arudishwe siku hiyo hiyo kabla hajaambukizwa.

Kama hilo nalo haliwezekani, naomba klabu iunge mkono maombi yangu mawili mengine. La kwanza naliandikia kanisa, kwamba kwenye toba ya Jumapili, baada ya dhambi za mawazo, maneno na matendo, iongezwe dhambi ya kusema si mbaya. La pili naliandikia wilaya, kwamba Verlyn aandikishwe kuwa ardhi oevu. Nimesoma sheria. Ardhi oevu haiguswi, haiondolewi, na hakuna anayetegemea iamue jambo. Na mke wa ardhi oevu, nadhani, anaweza kushindana peke yake.

Nasisitiza kwamba simlaumu Verlyn. Ni mume mwema. Nataka tu Jumamosi awe kando yangu ameshika bastola yenye mtutu, mtutu wowote, kabla mkono wangu haujawa wa kushikia kikombe.

Nisalimie Junice na goti lake, Orrin na mke wake, wale mbwa wawili, na wote watakaokuwa kwenye meza ya kahawa barua hii ikisomwa. Najua mtasema haijaandikwa vibaya.

Ni mimi, niliyejaza upande wangu,
Ardis Tollefsrud

N.B. Jumanne, 10 Juni. Asubuhi manyunyu, nyuzi hamsini na moja, mbu wale wale.

Sikuituma barua jana. Niliisoma tena ili nihakiki hesabu ya "si mbaya", nikafungua shajara ya Oktoba ile, nikakuta hazikuwa thelathini na tatu. Zilikuwa thelathini na sita. Tatu za mwisho ni zangu, tulipofika nyumbani.

Basi jana hiyo hiyo, baada ya chakula cha jioni, nilishuka ghalani. Nikamwambia, "Verlyn, ile ya arobaini ni mbaya. Siipendi kuitazama. Ya thelathini na nane inamfaa Arlo kwa sababu Arlo anapenda kupigwa picha. Wewe ni mtu wa tisa, ya mtutu mfupi wenye matundu mawili, na nimelijua hilo tangu siku ya kwanza." Alikaa juu ya kopo la maganda. Kisha akasema, "Miaka mitatu, mama. Ungesema tu." Akaomba kalamu. Fomu yake imejaa, nimeiambatanisha.

Kwa bahati mbaya alifurahi mno, akaona na yeye ana la kuniambia. Bastola yangu, ambayo nimeipiga miaka kumi na tisa na kuiandika kwenye fomu kwa mwandiko mzuri, mtutu wake umekwisha. Umelika ndani. Unavuta kushoto tangu miaka minne iliyopita. Sikujua, kwa kuwa kila majira ya kuchipua, nikienda kwenye mazoezi ya kwaya, yeye husogeza kilengeo cha nyuma unywele mmoja kulia na hasemi kitu. Sasa kilengeo kimefika ukingoni. Hakuna tena pa kusogea. Kisha, maadam tulikuwa tunaambiana, akaendelea hadi kwenye bakuli langu la viazi na nyama ya kusaga la kila Jumatano.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kanuni ya Mkali msiipitishe. Barua kwa kanisa na wilaya nimezichana. Orrin asiambiwe lolote na mtu yeyote. Nimeambiwa ukweli kwa dakika arobaini na imetosha kwa klabu nzima.

Upande wangu wa fomu niliufuta, kisha nikaujaza tena kama ulivyokuwa. Verlyn aliniuliza kama ameniumiza. Nikamwambia si mbaya.

Jumamosi naomba tu apangwe kulia kwangu, kwa kuwa mimi navuta kushoto.

Verlyn alilala saa tatu kamili, mara ya kwanza tangu Oktoba ile. Mimi nililala saa nane na robo.