Damu ya Binamu, Jina Langu

Jumatatu, 4 Machi
Mchumba wangu mshonaji ametoa sharti: hakuna harusi mpaka sote tupime damu. Nimekubali kwa sauti nzito. Kikwazo ni kimoja tu, sindano. Fundi saa hachomwi mikono ovyo! Basi kesho binamu ataenda maabara kwa jina langu. Umri wetu mmoja, afya yake tele. Akili hizi nilizaliwa nazo.

Jumatano, 6 Machi
Cheti kimetoka. Kipimo cha kaswende: damu imeitikia. Balaa gani hili! Mchumba amekisoma mara mbili, akavua pete, akaiweka juu ya cherehani. Nikisema kweli, mimi mwongo. Nikinyamaza, nina kaswende. Nimenyamaza kwa heshima.

Binamu nilipomwambia aliketi sakafuni akalia. Roho iliniuma, kweli. Nikampa kiti.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda maabara kudai maelezo. Mama wa maabara akasema damu kuitikia si hukumu. Kipimo cha kwanza ni kama wavu, hunasa hata wasiohusika, ndiyo maana hufuatwa na cha kuthibitisha. Na isipoitikia nisitambe, maana maambukizi mapya huchelewa kuonekana. Kisha akauliza mbona juzi nilikuwa mrefu zaidi. Nikasema ni viatu. Hakucheka. Akaagiza mwenye damu arudi leo hii, na mimi nikunje mkono wa shati. Nilichomwa! Sikulia kwa sauti.

Jumamosi, 9 Machi
Ushindi! Kipimo cha kuthibitisha kinasema binamu hana kaswende. Damu yangu haikuitikia kabisa. Nimempigia mchumba simu, nikamweleza ukweli wote kwa ujasiri, kwani binamu alikuwa ameshamweleza. Amesema pete itarudi kidoleni nikienda kwake kumwomba msamaha mimi mwenyewe, uso kwa uso. Kesho saa nne.

Jumapili, 10 Machi
Maneno ya majuto hayanitoki vizuri. Binamu ana ulimi laini. Nimemtuma akaombe msamaha kwa niaba yangu, nikamwazima shati langu jeupe. Amekaa huko kutwa nzima. Amerudi anapiga mluzi. Anasema mchumba alicheka mpaka machozi, ila msamaha haujakamilika, kwa hiyo kesho atarudi kuumalizia.

Mpango unakwenda vizuri kabisa. Nimempigia shati pasi.