Baraka Zimekwama Kwenye Diski

Jumatatu, 10 Februari 2025

Leo nimemshinda Andati! Mchana kweupe, mbele ya kamati nzima ya harusi.

Andati ni yule wa kibanda kinachotazamana na saiba yangu, duka langu la intaneti, hapa mtaani Huruma. Anatengeneza simu na kompyuta, na anajiona sana. Alikuja na projekta yake akitaka kazi ya picha na sauti kwenye harusi ya Ayuma, Jumamosi. Kamati ikaanza kumwitikia. Nikaona kazi inaniponyoka. Nikasimama. Nikawaambia nina kitu ambacho Andati hawezi kuwa nacho hata akizaliwa upya.

Nikasema yote. Kwamba marehemu Baba Ayuma, kabla ya kulazwa mara ya mwisho, alikuja kwangu kimyakimya, akaketi mbele ya kompyuta yangu, akajirekodi akimbariki binti yake. Akaniachia amana: siku ya harusi, Madam Kezia, uwaonyeshe.

Alitaka iwe siri hadi siku yenyewe. Basi, imetoka mapema kidogo. Siri gani isiyotoka?

Mama Ayuma alijishika mdomo. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli mumewe anaongea humo ndani. Nikamwambia anaongea na anacheka. Alinikumbatia, akalia hadi blauzi yangu ikalowa begani. Kazi nikapewa mimi. Andati akabeba projekta yake akaenda.

Jioni nikawasha kompyuta ya dirishani niitazame hiyo rekodi. Skrini ikageuka buluu. Maandishi meupe. Ikazima. Nikaiwasha. Ikazima tena.

Ni joto tu. Lazima iwe joto.

Jumanne, 11 Februari

Si joto. Nimeipulizia feni asubuhi yote. Barua za mteja mmoja zimepeperuka hadi kwenye ngazi na yeye akizikimbiza. Kompyuta ikazima vilevile.

Nikajua ni stima. Jirani wa juu hupiga pasi kutwa, hilo nina hakika. Nikapanda kumkabili. Akafungua mlango amevaa shati lililokunjamana kama kabichi. Hana pasi. Hajawahi kuwa nayo. Nikamwambia nilikuja kumsalimia.

Basi ni Andati! Nimemwona akitazama simu yake huku anatabasamu. Bila shaka ananitumia virusi. Nikang'oa waya wa intaneti. Wateja wakalalamika wakaondoka. Kompyuta ikazima hata bila intaneti.

Halafu kuna huu ujeuri mpya. Kila nikiiwasha, kabla haijafika popote, inaandika kwamba inataka kukagua diski kama ina makosa, na kama sitaki nibonyeze kitufe chochote. Makosa? Mimi? Nimebonyeza. Ukaguzi wenyewe unachukua muda mrefu, na wakati huo Mama Ayuma na bibi harusi walikuwa wamesimama mlangoni.

Nikawaambia rekodi bado naipiga msasa. Ayuma akaniomba asikie sauti ya baba yake. Si yote. "Neno moja tu, aunty."

Nikamwambia ni mkosi kusikia kabla ya siku. Akaitikia kwa kichwa kama mtoto, akaondoka.

Chakula cha mchana kimenishinda. Maharagwe yameniangalia nami nimeyaangalia.

Jumatano, 12 Februari

Diski inalia! Tik. Tik. Tik. Kama kuku anayedonoa bati. Kompyuta haiwaki kabisa.

Mume wangu, Muindi, amenishauri niipeleke kwa Andati. Nimemjibu afadhali nimeze kibodi nzima na waya wake.

Nimesoma kwenye simu kwamba diski inayokufa hufufuka ikitiwa kwenye baridi kali. Jambo dogo! Nimeichomoa kwa kisu cha jikoni, nikaifunga kwa kitambaa na gazeti, nikateremka kwa Mumina, anayeuza nyama na maziwa ya ngamia hapo chini. Nikamwambia ni dawa ya mgongo ya Muindi, inahitaji kuganda. Mumina hana maswali mengi. Akasema niiweke kwenye friza kando ya maini.

Alasiri nikarudi. Kando ya maini hapakuwa na kitu. Hata maini hayakuwapo!

Mumina akaniambia dada yake Hodo amepita kuchukua nyama ya wageni, akakusanya kila kilichofungwa kwenye gazeti. Nikapanda bodaboda hadi Eastleigh nikiomba Mungu njia nzima. Mwendeshaji akadhani namwombea yeye, akapunguza mwendo. Nikampigia kelele aongeze.

Nimemkuta Hodo jikoni, sufuria inatokota, diski yangu mkononi, anaigonga kwa mwiko. Alikuwa anashangaa ni mfupa gani huu wenye skrubu. Nikapiga yowe. Naye akapiga yowe. Kisha akanikalisha, akanipa chai ya tangawizi, na akauliza kwa upole mume wangu huimeza vipi dawa hiyo.

Nikamwambia huipaka tu.

Alhamisi, 13 Februari

Diski imetoka jasho. Maji kabisa, kama soda iliyotolewa kwenye baridi. Nimeifuta kwa leso, nikaikausha kwa mashine ya nywele ya saluni, nikairudisha mahali pake. Tik... Tik... Sasa inalia polepole. Sijui kama hiyo ni nafuu au inakata roho.

Mama Ayuma amepita tena. Ana furaha ya kutisha. Amenieleza kwamba mama mkwe wake, yaani mama mzazi wa marehemu, alikuwa amekataa kusafiri kutoka Vihiga kwa sababu ya miguu. Aliposikia mwanawe ataongea, ameagiza atafutiwe gari. Anakuja!

Nikainama chini ya meza. Nikajifanya naokota kalamu.

Nikakaa nikawaza. Nikapata. Muindi! Muindi ana sauti nzito kama ya marehemu. Tutaweka picha ya Baba Ayuma kwenye skrini, kisha Muindi aseme maneno ya baraka nyuma ya pazia. Tutasingizia video imeharibika, sauti imepona. Nani atajua?

Muindi amerudi kazini, nimempikia, nimemwekea nyama kubwa, nikamweleza. Ameweka tonge chini.

"Mama Mwende," akaniambia, "mama aliyemzaa atakuwa ameketi pale mbele. Unadhani hatajua kwamba huyo si mtoto wake?"

Nikamwambia ni mzee, huenda hasikii vizuri.

"Sitamsemea marehemu." Akaenda kunawa mikono.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Nimebaki na sahani mbili na haya yangu.

Ijumaa, 14 Februari

Nimekwenda kwa Andati.

Nilijitanda mtandio hadi puani na miwani myeusi. Nikabadilisha sauti. Nikasema nimetumwa na rafiki yangu wa Makongeni, kompyuta yake inamsumbua, je, mtu hufanya nini?

Andati akanitazama kutoka juu hadi chini. "Madam Kezia, huyo rafiki yako mbona amevaa viatu vyako?"

Nikaanza kulia. Nikamwambia kila kitu: skrini ya buluu, kubonyeza kitufe, tik tik. Alicheka mpaka akashika meza. Nilipofika kwenye habari ya friza aliacha kucheka.

"Nakala iko wapi?"

"Nakala gani?"

Akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Nikamwambia asijali, sasa niko tayari kukubali ule ukaguzi wa makosa, tuuanze hata sasa hivi. Nusura aniruke! Akasema ukaguzi ni wa diski yenye nguvu zake. Hii ni mgonjwa mahututi, na kuikagua ni kumlazimisha mgonjwa apande ngazi hadi gorofa ya juu. Kwanza tuombe itupe ilicho nacho, tunakili tunachopata, kisha ukaguzi tuufanye kwenye nakala. Nikamuuliza kama itakubali.

"Sijui," akasema. Andati! Sijawahi kumsikia akisema hajui.

Akafunga kibanda, akawarudisha wateja. Akaichomeka diski kwenye mashine yake. Ikatoa kidogo, ikanyamaza, akaipumzisha, akaanza tena. Shati lake lililowa mgongoni. Kila tik nilisema Bwana Yesu, na mara ya pili au ya tatu yeye naye akaanza kuitikia amina. Katikati ya hayo akaniambia jambo ambalo sikulijua: Baba Ayuma ndiye aliyempa stuli na meza ya kwanza alipokuwa anatengenezea simu barazani. Ndiyo sababu aliitaka ile kazi ya harusi.

Nikamnunulia mandazi.

Mwishowe faili ikatoka. Akaikagua nakala, akarekebisha kilichorekebishika. Akanionya kwamba kuna kipande cha katikati ambacho diski imekataa kabisa kukitoa. Hakirudi tena.

Tukaifungua mwanzo tu. Baba Ayuma akatokea akiwa na sweta lake la kijani, akirekebisha kola. Andati akageuka upesi akaanza kupanga skrubu zilizokuwa zimepangwa tayari.

Jumamosi, 15 Februari

Nimevaa gauni kinyume, nikalivaa upya.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Bibi wa Vihiga aliketishwa mbele kabisa, fimbo magotini. Projekta ni ya Andati. Niliwaambia kamati kwamba ni msaidizi wangu. Amesikia. Amekaza waya, lakini amesikia.

Taa zikazimwa. Akatokea. Bibi akasema jina la mwanawe, lile la utotoni, mara moja tu.

"Ayuma, mama," Baba Ayuma akasema. "Ukiniona hapa, basi ujue miguu imenishinda kufika. Usisimame hapo na huzuni. Leo nataka nikwambie jambo la mama yako ambalo sijamwambia mtu yeyote. Siku ile nilipokwenda kwao mara ya kwanza, mama yako—"

Picha ikaganda. Mdomo wazi, kidole hewani.

Nikatamani ardhi ipasuke inimeze na gauni langu. Niliwaona kamati wakinigeukia mmoja mmoja. Nikamwangalia Andati. Andati amefumba macho.

Kisha picha ikaruka, na Baba Ayuma alikuwa anacheka. Kucheka kwenyewe! Mabega yanatikisika, anafuta machozi kwa mkono wa sweta, anajaribu kuongea, anashindwa, anacheka tena. "Basi," akasema alipopata pumzi, "sasa umejua. Usimwambie kwamba nimesema!"

Hakuna aliyejua amesema nini.

Halafu Mama Ayuma akaangua kicheko. "Huyu mwanamume! Hata huko aliko!" Akajifunika uso kwa mtandio, akacheka hadi akainama. Bibi naye akaanza, fimbo ikaanguka. Ayuma akawa anacheka na kulia pamoja, wanja ukimtiririka hadi kidevuni. Ukumbi mzima ukapasuka, watu wanapigana mabega kwa mzaha ambao hatukuusikia.

Akamaliza kwa kuwabariki, akitaja jina la binti na jina la ukoo wao, na kuwaambia waende wakale kabla wageni hawajamaliza nyama.

Nililia vibaya. Hata Muindi alinipa leso yake.

Baadaye kila mtu alimuuliza Mama Ayuma kilichotokea siku hiyo kwao. Amesema anakijua, na hamwambii mtu.

Jumanne, 18 Februari

Mimi ni maarufu! Mama Ayuma ameniletea jogoo. Tangu jana wazee wanapanga foleni hapa wajirekodi kwa ajili ya watoto wao. Bibi mmoja ameimba. Shemasi mmoja amewaomba wanawe msamaha, sikutakiwa kusikiliza, nimesikiliza.

Andati amevuka kuja kwangu na kunihubiria mbele ya wateja: diski ile ya zamani nisiitumie tena kwa lolote, nikague mpya mara kwa mara, na kila kitu kiwe na nakala mbili, mahali pawili tofauti. Nikaitikia vizuri kabisa. Mimi si mtu wa kukataa mashauri.

Na nimetekeleza! Nimenunua diski mpya ya kubeba mkononi, ndogo, nyekundu, nzuri. Leo nimehamishia humo kila kitu: bibi anayeimba, shemasi, na Baba Ayuma mwenyewe. Kisha nikafuta zilizokuwa kwenye kompyuta, iwe nyepesi, isije ikazimika. Nimemwagiza Andati naye afute ile aliyobaki nayo, asije akajivunia kitu cha watu. Alikataa. Alipotoka kwenda kula nimeingia nikamfutia. Mama Ayuma nitampa yake nikipata nafasi.

Aliporudi alisimama mlangoni pangu akauliza kama kweli nina nakala mbili. Nikamwambia ninayo moja, lakini ni nzuri kuliko mbili, kwa sababu sasa vitu vyote viko mahali pamoja na macho yangu yanaviona. Akafungua mdomo. Nikafunga mlango.

Diski iko kwenye mkoba. Zipu imekataa kufunga, lakini si kitu, nakimbia tu hapo soko la Gikomba kutafuta pazia la kona ya kurekodia, na leo inasemekana kumejaa watu kupita kiasi, kwa hiyo bei zitakuwa nzuri.